Kiasi cha Mlo

Jumapili, 1 Septemba
Leo msimu wa kuvua vidagaa umefunguliwa na mvua imekuja kuushuhudia. Kabla hakujapambazuka vizuri nilisikia magari yakishuka kuelekea mtoni, moja baada ya jingine, kila mtu akiwahi jukwaa lake la kuvulia kana kwamba mwenzake angelibeba mgongoni aende nalo.

Alhamisi daktari wa Greymouth aliniambia moyo wangu umechoka. Aliusikiliza mbele na nyuma, akavua kile chombo chake masikioni, akasema nikiiona Krismasi nitakuwa nimefanya vizuri. Nilimshukuru. Nilinunua mkate na siagi nikarudi kwa basi.

Naandika hapa kwa sababu mtu wa umri wangu anapaswa kuungama, na padre wetu ni kijana anayeongea zaidi ya anavyosikiliza. Basi ungamo la kwanza ni hili: sijamwambia mtu. Janine amepiga simu kutoka Dunedin jioni, kama kila Jumapili.

"Hali yako, Mama?"

"Kiasi tu, mwanangu."

"Mguu?"

"Mguu haujambo."

Na kweli, mguu haujambo.

Jumanne, 3 Septemba
Shuleni. Mwalimu mkuu ananiruhusu, mimi mwalimu mstaafu, niende asubuhi chache kila wiki kukaa na watoto wanaotimiza miaka sita. Hapa kwetu mtoto huanza shule siku anayotimiza mitano, awe peke yake au na mwenzake, akiwa na begi jipya linalompiga visigino. Mwaka ukiisha tunamwita pembeni tuone amekusanya nini.

Katika vipimo vyote nilivyowahi kufanya, naupenda huu mmoja. Unampa mtoto karatasi isiyo na mistari na penseli, unamwambia aandike maneno yote anayoyajua. Ana dakika kumi. Akikwama unamuuliza: unaweza kuandika jina la mtu wa kwenu? La kitu cha jikoni? Humwonyeshi herufi, humsaidii. Akimaliza anakusomea alichoandika. Basi. Nimewahi kupewa "mama" na "mimi", nimewahi kupewa "helikopta". Hakuna picha ya mtoto iliyo wazi kuliko karatasi hiyo.

Mwalimu wa darasa mwaka huu ni Fergus Laidlaw, ametoka Christchurch, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola. Ananiita Bibi Kerridge na kunivutia kiti kama mtu anayepanga glasi. Sijui kama nitampenda.

Alhamisi, 5 Septemba
Mvua.

Jumapili, 8 Septemba
Janine. "Kiasi tu." Mvua tena.

Jumanne, 10 Septemba
Dougal ametimiza sita. Mtoto mnene, mchangamfu, amepungukiwa meno mawili. Ameandika jina lake na jina la mbwa wao, kisha ameketi akinitazama kwa furaha kama mtu aliyemaliza kulipaka rangi kanisa zima.

"Kuna jingine, Dougal?"

"Hapana, Bibi. Nimeyatoa yote."

Na ni kweli ameyatoa yote. Fergus ananiambia kuna mwalimu maalumu anayekuja kwa gari kufundisha watoto mmoja mmoja, nusu saa kila siku, na nafasi iliyobaki ni moja tu hadi mwakani. Nikasema mwenye nafasi huyu hapa. Fergus akasema tungoje, Alhamisi ni siku ya Ripeka.

Nilicheka. Ripeka ni mjukuu wa Teone, mvuvi wa hapa mtoni, na mtoto huyo ana macho ya karani wa benki.

Alhamisi, 12 Septemba
Sielewi kilichotokea leo.

Ripeka aliingia amevaa taji la karatasi la siku ya kuzaliwa, akaketi, akauweka mkono wa kushoto juu ya karatasi kama mtu anayekinga upepo. Nikamwambia maneno yale yale ninayomwambia kila mtoto: andika maneno yote unayoyajua, yote uliyo nayo. Aliniangalia sana. Akaandika jina lake, kwa mwandiko mzuri, bila haraka. Akaandika "babu". Akaandika "paka". Akafikiri kidogo, akaongeza "mimi", kama mtu anayeongeza sarafu kwenye kikapu cha kanisani kwa sababu jirani anatazama. Akalaza penseli.

"Kuna mengine, Ripeka?"

"Yanatosha, Bibi."

"Mtu mwingine wa kwenu?"

"Tuko wawili tu." Ni kweli, mama yake anafanya kazi Australia.

"Kitu chochote cha mtoni?"

Hapo akauvuta mkono wake ukafunika karatasi yote. "Maji," akasema, lakini hakuandika.

Tulikaa hivyo hadi muda ukaisha. Hakuhangaika, hakulia, hakutazama dirishani. Mtoto asiyejua huhangaika, nimewaona wengi. Huyu alikaa akinisubiri mimi nichoke.

Fergus alitazama karatasi akavuta pumzi. "Basi nafasi ni yake. Dougal nilimwona akiandika 'na' ubaoni wiki iliyopita. Atasubiri."

"Mtoto huyu si wa maneno manne, Mwalimu."

"Sikatai, Bibi Kerridge. Lakini nikianza kumwongezea mtoto maneno kwa sababu ana uso wa akili, kesho nitampunguzia nani?"

Jibu zuri, na liliniudhi njia nzima.

Jumapili, 15 Septemba
"Umenyamaza, Mama."

"Mvua inapiga bati, sikusikii vizuri."

Nilimsikia vizuri.

Ijumaa, 20 Septemba
Shule imefungwa. Jioni Teone alibisha hodi akiwa na kifurushi cha vidagaa ndani ya gazeti, buti zake amezivulia nje. Ananiita Mwalimu tangu nilipomfundisha binti yake, ingawa tuna umri unaokaribiana. Aliketi, akaikunja kofia, akaikunjua.

"Yule mwalimu kijana amenieleza. Kwa adabu, simlaumu. Anasema mjukuu wangu hana maneno."

"Ameandika manne."

"Manne." Akaitazama kofia. "Mwalimu, mtoto huyo ananisomea gazeti nikiwa chooni. Anasimama nje ya mlango ananisomea matokeo ya raga. Mwaka huu nimenunua chaki nyingi kuliko chumvi."

"Sasa kwa nini?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe uliyesoma." Kisha, kwa sauti ndogo: "Mama yake akipiga simu nitamwambia nini? Aliniachia mtoto mzima. Nimemlea mtoni kama mtoto wa bata. Labda nimemharibu."

Nilikaanga kimanda, vidagaa vingi na yai la kuvishikilia tu, kama inavyotakiwa, tukala na mkate mweupe. Alipoondoka alisema mvua ikikatika nije jukwaani, kiti kipo.

Jumanne, 24 Septemba
Leo ngazi za nyumba yangu zimenishinda mara mbili. Nilikaa katikati nikijifanya naangalia maua.

Jumamosi, 28 Septemba
Siku ya kuandika hadi mkono uume.

Jua limetoka. Teone alinichukua kwa gari akanitembeza kwenye ubao wa jukwaa polepole, kama anayevusha kabati la vyombo. Kiti chenye mto, blanketi, chai. Usubi walinifurahia sana. Ripeka alikuwa amelala kifudifudi ukingoni akiulinda ule ubao mweupe uliolazwa chini ya maji ili vidagaa vikipita juu yake vionekane, maana vyenyewe ni kama maji yaliyopata macho.

"Vinakuja, Babu. Vingi. Sasa."

Teone akashusha wavu, akauinua. Ndoo ikanguruma. Wakafanya hivyo tena na tena bila kusemezana, mmoja jicho, mmoja mkono, na ndoo ikajaa hadi karibu na mshikio, vidagaa vikichemka humo kama uji. Sijaona ndoo kama ile kwa miaka.

Kisha ubao wa jukwaa ukalia. Ni Des Cotterell, mwenye jukwaa la juu kidogo, mikono mifukoni, anapita tu, kama anavyopita tu kila siku.

Kabla sijageuza shingo Ripeka alikuwa ameshafunika ndoo na kukaa juu ya kifuniko, miguu ikining'inia, anakula tufaha.

"Vipi, vinapita?" Des akauliza.

"Siku mbaya," Teone akasema.

"Na wewe bosi mdogo? Mmepata?"

Ripeka akatafuna, akameza. Akamtazama Des machoni, kwa heshima zote, bila kuhangaika.

"Kiasi cha mlo," akasema.

Des akatikisa kichwa. "Na mimi hivyo hivyo. Kiasi cha mlo." Akaenda zake.

Nimeishi kando ya mto huu maisha yangu yote. Sijamsikia mtu aliyeulizwa kama amepata akijibu vingine. Mwenye ndoo tupu husema kiasi cha mlo, na aliyejaza friji mbili husema kiasi cha mlo. Marehemu mume wangu aliwahi kumjibu hivyo askofu. Ila leo nilikuwa namtazama mtoto yule, nikakumbuka nimewahi kuyaona macho yale, yamenitazama hivyo hivyo, chini ya taji la karatasi.

Nilianza kucheka. Nilicheka hadi kifua kikanibana na Teone akaacha wavu akaja na chai.

"Ripeka," nikasema nilipopata pumzi, "siku ile shuleni. Maneno yako yalikuwa manne?"

Akamtazama babu yake. Babu hakuelewa, akainua mabega.

"Uliniuliza yote, Bibi," akasema Ripeka, akinionea huruma kidogo. "Ulisema yote niliyo nayo. Anayeuliza yote anataka kuja kuvua kwako."

"Na yale manne?"

"Ya mlo."

Teone alikaa chini pale pale kwenye mbao zilizolowa. "Mimi ndiye niliyemfundisha," akasema. "Mwalimu, ni mimi. Tangu ana miaka mitatu. Nilimwambia hata malkia akija, ajibiwe hivyo hivyo."

"Na nani huonyeshwa ndoo, Ripeka?"

"Wa nyumbani. Babu anamwaga kwenye beseni jeupe tunaangalia wote. Halafu tunatoa majani."

Jumapili, 29 Septemba
"Hali yako, Mama?"

"Kiasi tu," nikasema, na nikajisikia nikiwa nimekalia kifuniko, miguu inaning'inia. Tukaongea juu ya wajukuu. Sikulala mapema.

Jumatatu, 7 Oktoba
Muhula mpya. Nilimweleza Fergus kisa chote. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani.

"Naomba kuuliza swali la kijinga. Mlo ni kilo ngapi?"

"Hakuna anayejua."

"Mwezi uliopita nilimuuliza Des kama amepata, akasema kiasi cha mlo. Nikamwonea huruma. Nilimpelekea mkate wa nyama."

"Alisemaje?"

"Alikula."

Tulicheka sana, na nikaona kola yake ina doa la rangi ya watoto. Lakini kwenye jambo lenyewe hakulegea. Maneno yawe yale yale, karatasi ile ile, muda ule ule, vinginevyo si haki kwa Dougal wala kwa mtoto mwingine. Safari hii sikuudhika. Nikamwambia sitabadilisha hata nukta moja ya maneno. Nitabadilisha nyumba.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimeanguka kwenye ngazi. Si sana.

Ijumaa, 11 Oktoba
Ilikuwa sana. Fergus ndiye aliyenikuta, amekuja kupanga siku ya kumpima Ripeka tena. Amewasha moto wa makaa, amepika supu isiyo na chumvi, amesimama karibu na simu.

"Nimpigie binti yako?"

"Ukipiga nitaikataa supu yako."

"Bibi Nola," akasema, mara ya kwanza kuniita hivyo, "supu yangu kila mtu anaikataa." Lakini aliuacha mkonga wa simu mahali pake. Ni kijana mwema. Nilimhukumu kwa pasi.

Jumapili, 13 Oktoba
Nilipokea nikiwa kitandani nikasema niko bustanini.

Jumatano, 16 Oktoba
Kwa kuwa siwezi kwenda shuleni, shule imekuja jikoni kwangu. Fergus na saa yake. Teone amevaa shati la mazishini. Ripeka na sweta la shule, nywele zimelowa mvua. Nilikuwa nimemwomba Teone alete beseni lao jeupe, akaliweka katikati ya meza, tupu.

Teone akapiga goti mbele ya mjukuu wake, goti likalia.

"Sikiliza, mwanangu. Kule mtoni mdomo unafungwa. Sivyo?"

"Ndiyo, Babu."

"Hapa ni nyumbani. Mwalimu huyu ni wetu, na yule kijana ni wetu, ingawa hajui kuvaa buti. Hapa tunamwaga ndoo."

"Yote?"

"Mpaka majani."

Ripeka akaliangalia beseni, akaniangalia mimi, akamwangalia Fergus muda mrefu zaidi. Fergus akakaa wima. Nikasema maneno yale yale, andika maneno yote unayoyajua, yote uliyo nayo, na Fergus akabonyeza saa.

Mkono wa kushoto haukufunika kitu. Ulishika ukingo wa beseni.

Aliandika "mto". Aliandika "wavu", "ndoo", "kifuniko", "mvua", "mvua" tena akaikata. Aliandika siku zote za wiki akianza na Jumamosi. Aliandika "raga" na majina ya wachezaji ambao hata mimi siwajui. Aliandika "usubi", "chai", "siagi", "choo". Aliandika "Des", na chini yake "mdaku". Teone akakohoa. Aliandika "mama", akasimama hapo kidogo, akaandika "ndege", "simu", "karibu". Karatasi ikajaa akaigeuza. Ikajaa tena akanyoosha mkono bila kuinua kichwa, na Fergus, aliyekuwa amesahau saa, alitafuta karatasi nyingine akajigonga kwenye kabati langu. Ulimi wa mtoto ulikuwa nje, penseli inakuna, mvua juu ya bati, na mimi sijawahi kusikia muziki mzuri hivyo jikoni humo ambamo nimeishi tangu nilipoolewa.

Saa ikalia.

"Muda umekwisha, Ripeka," Fergus akasema.

"Bado mengine yako chini," Ripeka akasema.

Alitusomea yote kwa kidole. Fergus alihesabu mara mbili akatoka nje kupunga hewa, kwenye mvua. Teone alilia bila kujificha. Idadi sitaiandika. Fergus anayo, na Teone ameniapisha.

Nafasi ni ya Dougal.

Nilidhani tumemaliza. Teone alikuwa anaweka birika na Fergus amerudi, amelowa, ndipo Ripeka akalivuta beseni mbele yangu.

"Na wewe, Bibi?"

"Mimi nini?"

"Unaumwa kiasi gani?"

"Kia—" nikaanza.

"Hapa ni nyumbani," akanikumbusha.

Wanaume wawili waliacha kufanya walichokuwa wakifanya. Ningeweza kutania, nina utani wa kutosha miaka mingine kumi. Lakini mtoto alikuwa ametoa yake hadi majani, kwenye meza yangu, kwa sababu sisi tulimwomba. Nikasema. Nikasema moyo wangu umechoka sana na hautapona, kwamba daktari hajui kama nitaiona Krismasi, kwamba ngazi zinanishinda, kwamba usiku naogopa kidogo, na kwamba Janine hajui chochote.

Ripeka alilitazama beseni kana kwamba vidagaa vilikuwa vinaogelea humo.

"Ni mengi," akasema. Akaja upande wangu wa meza akaniegemea. Alinuka penseli na sufu iliyolowa. Teone akamimina chai. Hakuna aliyesema neno la kanisani, nashukuru.

Jumapili, 20 Oktoba
Simu ililia saa ile ile.

"Hali yako, Mama?"

"Janine, keti. Nataka kumwaga ndoo."

Ni mtoto wa mto huu, alielewa kabla sijaendelea. Nilimwambia yote. Nilimsikia akilia, kisha akipenga kamasi, kisha, na hili ndilo ninalotaka kulikumbuka, akicheka.

"Tangu nikiwa msichana," akasema, "kila nikikuuliza unasema kiasi tu. Baba alipokufa, kiasi tu. Nilishakata tamaa. Nilikuwa namuuliza Des."

"Unamuuliza Des?"

"Kila Jumatatu. Anajua unapanda ngazi mara ngapi."

Lile neno la Ripeka chini ya jina la Des ni sahihi kabisa, na Mungu ambariki mzee huyo.

Jumanne, 22 Oktoba
Janine amefika. Amehamisha sufuria zangu zote.

Jumapili, 3 Novemba
Hakuna simu ya Jumapili. Aliyekuwa akiipiga yuko jikoni anaimba vibaya.

Jumatano, 6 Novemba
Dougal ameletwa na Fergus kunionyesha karatasi. Jina lake, jina la mbwa, na neno jipya: "leo". Alisimama kando ya kitanda akisubiri niseme kitu. Nilimwambia ni neno zuri kuliko yote niliyoletewa mwaka huu, na sikumdanganya.

Alhamisi, 14 Novemba
Msimu umefungwa. Nyavu zimetolewa, mbao zinaanikwa. Janine na Fergus wamenibeba na kiti changu hadi barazani, jua likanipata hadi magotini. Naandika haya kwa vipande, mkono haufiki mbali.

Teone na Ripeka wamekuja na beseni jeupe limefunikwa kitambaa, mavuno ya mwisho. Wamemwaga mbele yetu. Tumekaa wote kutoa majani, vidole vyetu baridi, Fergus akiuliza kila kimoja kama ni jani au ni samaki. Janine amekaanga. Tumekula hadi siagi imekwisha na Teone ameilamba sahani alipodhani hatumwoni. Nina furaha, naiungama nayo, maana nayo niliificha sana.

Des akatokea kwenye uzio, mikono mifukoni, anapita tu.

"Naona mnakula. Ulikuwa msimu mzuri, Nola?"

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Ripeka aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, akanisubiri.

"Kiasi cha mlo, Des," nikasema. "Ingia, kuna sahani."